Sura ya Sita: Anayekumbuka ni Msomaji

Mtu akiulizwa riwaya taswira ni nini, mara nyingi hujibu kwamba ni hadithi ya kwenye kompyuta ambayo msomaji huchagua itakavyokwenda. Jibu hilo si la uongo, ila linaacha nje kilicho bora. Nimezisoma kazi hizi za Kijapani kwa miaka mingi, nyingine nimezirudia, na zile zilizonikaa moyoni hazikunikaa kwa sababu niliruhusiwa kuchagua. Mojawapo ya zile ninazozipenda kupita zote haina chaguo hata moja. Zilinikaa kwa sababu zilinijulisha jambo ambalo mhusika hakulijua, kisha zikanirudisha mwanzo pamoja naye, mimi nikiwa na habari na yeye akiwa hana. Hoja hiyo ndiyo nitakayoitetea hapa. Nitasema pia pale ambapo fani hii inaniudhi, maana inaniudhi mara nyingi.

Kwa asiyewahi kuiona, mambo yako hivi. Skrini nzima imejaa picha ya mahali: darasa, barabara ya kijijini, chumba cha hospitali. Mbele yake amesimama mhusika aliyechorwa kuanzia mapajani kwenda juu, anakutazama. Chini kuna kisanduku cha maandishi, au maandishi yametandazwa juu ya picha yote kama ukurasa wa kitabu. Muziki unapigwa. Unabofya, inatokea sentensi. Unabofya tena, uso wa mhusika unabadilika, inatokea nyingine. Mara mojamoja hadithi inasimama na kukuuliza: umfuate au urudi nyumbani? Jibu lako linakuingiza katika njia mojawapo, na kila njia ina mwisho wake, mwema au mbaya. Kazi kubwa kama Fate/stay night au Clannad humchukua msomaji makumi ya saa.

Kuna kitufe kimoja ambacho wageni hawakitilii maanani. Ukianza hadithi upya na kukibonyeza, programu inayaruka kwa kasi yale uliyokwisha kuyasoma, kisha inasimama yenyewe penye sentensi ngeni kwako. Maana yake ni kwamba mashine imeweka rekodi ya kila mstari uliopita mbele ya macho yako. Imewekwa kwa ajili ya kuokoa muda. Lakini waandishi wachache wenye kipaji waliitazama rekodi hiyo wakagundua kwamba tayari ni sehemu ya hadithi: yupo mtu mmoja anayezikumbuka njia zote, na mtu huyo ameketi nje ya skrini.

Chimbuko la fani hii ni hadithi za upelelezi. Mwaka 1983 Yuji Horii, ambaye baadaye angebuni Dragon Quest, alitoa kupitia kampuni ya Enix mchezo uitwao Portopia Renzoku Satsujin Jiken, kisa cha mauaji ya mfululizo kinachoanzia mjini Kobe. Mchezaji alikuwa mpelelezi, na aliandika amri kwa maneno yake: nenda huku, muulize fulani. Mchezo ulipohamishiwa kwenye Famicom ya Nintendo mwaka 1985, mashine ambayo watu waliichezea kwa kidhibiti chenye vitufe vichache tu, amri ziligeuzwa kuwa orodha ya kuchagua. Jina la muuaji wake linajulikana Japani hata kwa watu ambao hawajawahi kuucheza, nami sitalitaja.

Kompyuta za Kijapani nazo zilichangia. PC-98 ya NEC, iliyotawala soko la huko miaka ya 1980 hadi katikati ya miaka ya 1990, ilitengenezwa ili herufi za kanji, zenye mikato mingi, zisomeke vizuri. Picha zake zilikuwa za nukta 640 kwa 400, na michezo mingi ilitumia rangi 16 kwa wakati mmoja. Kwa mashine ya namna hiyo, kuzisogeza picha kwa kasi kulikuwa shida, lakini picha moja iliyotulia, yenye maandishi safi juu yake, ilipendeza. Mtindo wa kusimamisha picha na kuyaacha maneno yafanye kazi ulitokana na ufinyu huo, na naona ni bahati njema kwamba haukuachwa mashine zilipopata nguvu.

Kisha kampuni ya Chunsoft, chini ya Koichi Nakamura, ikatoa Otogirisō kwa Super Famicom mwaka 1992, na miaka miwili baadaye Kamaitachi no Yoru, iliyoandikwa na mtunzi wa riwaya za upelelezi Takemaru Abiko. Hii ya pili inastahili kukaliwa kidogo. Kijana Tōru na rafikiye Mari wamekwenda kuteleza kwenye theluji milimani. Dhoruba inawafungia ndani ya nyumba ya wageni pamoja na watu wengine, na usiku huo anapatikana mtu aliyekatwa vipande. Watu wote humo wamechorwa kama vivuli vya buluu, bila macho wala midomo. Ukichelewa kumtambua muuaji, wenzako wanauawa mmoja baada ya mwingine hadi zamu yako ifike, kisha unarudi nyuma kujaribu tena.

Mara ya kwanza wageni wale wanapoketi kula chakula cha jioni, unawasoma kama Tōru anavyowaona: kundi la watu usiowajua, wengine wachangamfu, mmoja hatoi neno. Ukirudi baada ya kushindwa, chakula ni kilekile na maneno ni yaleyale, lakini umekwisha kuona kila mmoja wao alivyokufa. Kivuli kinachocheka mezani kinaumiza. Abiko hakubadilisha hata herufi moja katika ukurasa huo, aliyebadilika ni msomaji. Na kwa kuwa vivuli havina nyuso, huruma yote na hofu yote unazitoa kwako mwenyewe. Sijaona filamu inayoweza kunifanyia hivyo kwa gharama ndogo kiasi hicho.

Mwaka 1996 kampuni ya Leaf ilichukua namna hiyo ya kusimulia ikaiweka kwenye kompyuta, ikiwa na wahusika wenye nyuso, kwa kazi mbili: Shizuku na Kizuato. Hapo ndipo lilipoanza kutumika jina ambalo fani nzima inaitwa leo. Mwaka uliofuata To Heart ikageuza mkondo kutoka vitisho kwenda mapenzi ya shuleni, na mapenzi ya shuleni yakawa mafuriko.

Hapa ndipo lilipo lalamiko langu la kwanza. Katika hadithi nyingi za mafuriko hayo kuna mvulana mmoja na wasichana watano au sita, kila mmoja na majonzi yake. Ukijibu vizuri unaingia njia ya mmoja, unamfuta machozi, majina ya watungaji yanapita, kwisha. Je, wale wengine? Kanon ya kampuni ya Key, iliyotoka mwaka 1999, ni kazi nzuri sana, yenye mji wa theluji na muziki ambao bado unanipata. Lakini ukimfuata Shiori, aliye mgonjwa, hadithi haikuambii ni nani aliyekuwa karibu na Makoto alipodhoofika. Ukimchagua mmoja, wenzake umewaacha. Waandishi wengi waliikwepa aibu hiyo kwa kutoitaja, na msichana akawa tuzo ya kubofya vizuri. Hilo lilinichukiza tangu zamani na linanichukiza mpaka leo.

Key wenyewe ndio walioijibu, kwa Clannad ya mwaka 2004, ambayo Jun Maeda alikuwa mwandishi wake mkuu. Tomoya Okazaki ni mwanafunzi wa sekondari asiyeweza kuinua mkono wake wa kulia juu ya bega, kwa sababu ya jeraha alilolipata akigombana na babake. Unapomaliza njia ya mtu fulani kwa wema, unapata nuru ndogo ya duara. Nuru hizo hazimo mfukoni mwa Tomoya. Tomoya wa njia moja hajui kwamba katika njia nyingine alimsaidia mtu mwingine. Anayezikusanya ni wewe, na bila kuzikusanya hufikii mwisho wa kweli. Wema wote uliotendwa katika maisha ambayo hayakutokea kwa pamoja unahesabiwa, na mlango wa mwisho unafunguka kwa ajili hiyo. Kwa maoni yangu hili ndilo jibu zuri kabisa lililowahi kutolewa kwa swali la wale walioachwa.

Nyuma ya mlango huo kuna sehemu ambayo ningemwekea mbele mtu yeyote anayedhani kazi hizi ni za watoto. Tomoya amemaliza shule, anapata kazi ya ufundi umeme. Siku za kwanza anachoka hadi kula kunamshinda, anashika vibaya, anamtia hasara bwana wake, anarudi chumbani na kulala na nguo za kazi. Hakuna anayempongeza. Kurasa kadhaa zinapita ukisoma uchovu tu, na unazibofya taratibu kwa sababu umekaa na kijana huyu saa nyingi akitoroka vipindi, nawe unatamani afanikiwe kazini kuliko ulivyowahi kutamani apate mchumba.

Steins;Gate, iliyotoka Oktoba 2009 kwa Xbox 360 kutoka kampuni za 5pb. na Nitroplus, ililibana swali hilohilo la wale walioachwa kwa namna kali zaidi. Okabe Rintarō na wenzake wamekodi chumba Akihabara, mtaa wa vifaa vya umeme jijini Tokyo, na kwa bahati wanagundua jinsi ya kutuma ujumbe wa simu kwa siku zilizopita. Hakuna orodha ya machaguo humu. Kuna simu. Unaipokea au unaiacha ilie, unajibu ujumbe au hujibu, na ukijibu, maneno fulani yaliyopigiwa rangi ndiyo yanayoamua utajibu nini. Ujumbe waliotuma nyuma umebadilisha dunia, na sasa rafiki yao Mayuri anakufa kila wanapojaribu kumwokoa. Ili aishi, lazima kila ujumbe ubatilishwe.

Mmoja wa ujumbe huo ulitumwa na msichana aitwaye Faris. Ulimzuia babake asipande ndege iliyoanguka. Sasa babake yu hai, wanaishi pamoja, na Okabe amemwona kwa macho yake. Kubatilisha ni kumrudisha kwenye ndege ile. Mchezo unakuwekea simu mkononi na kusubiri, hausemi kitu. Ukikataa kutuma, unapata mwisho mwingine ambamo maisha yanaendelea, na bei yake unaijua. Okabe ana uwezo wa pekee wa kuzikumbuka dunia zilizofutwa, wenzake wote hawana. Kwa hiyo upweke wake ni upweke wa msomaji wa fani hii: anaingia chumbani, wanamsalimu kama kawaida, na yeye ndiye pekee anayejua walichopoteza. Mwandishi Naotaka Hayashi alimpa mhusika mzigo ambao kwa kawaida huwa wa mchezaji, na ndiyo maana Okabe, ambaye saa za kwanza anachosha kwa maneno yake makubwa, mwishoni unamheshimu.

Wapo wengine waliocheza na jambo hilohilo. Ever17 ya mwaka 2002 ililificha ndani ya muundo wake wote. 999 ya Kotaro Uchikoshi, ya Nintendo DS mwaka 2009, iliweka mazungumzo kwenye skrini ya juu na masimulizi kwenye ya chini, na sababu ya mgawanyo huo hufichuliwa mwishoni kwa namna iliyonifanya nisimame kwenye kiti. Sisemi zaidi.

Sasa nije kwenye ile isiyo na chaguo. Higurashi no Naku Koro ni iliandikwa na kuchorwa na Ryukishi07, mtu aliyekuwa mtumishi wa serikali, akiwa na kikundi kidogo kiitwacho 07th Expansion. Sehemu ya kwanza, Onikakushi, iliuzwa kwenye diski Agosti 2002 huko Comiket, soko la watunzi huru linalofanyika Tokyo mara mbili kwa mwaka. Ya nane na ya mwisho ilitoka Agosti 2006. Michoro ya mwanzo haikuwa ya fundi: mikono ya wahusika imevimba, vidole havieleweki. Picha za nyuma ni picha za kamera zilizochujwa rangi. Kijiji cha Hinamizawa kimechukua sura yake kutoka Shirakawa, kijiji halisi cha Mkoa wa Gifu chenye nyumba za mapaa marefu ya nyasi. Karibu kila sehemu inarudi Juni ileile ya mwaka 1983, watoto walewale wanacheza karata na kufukuzana baada ya shule, sikukuu ya kijiji inafika, na mauaji yanatokea kwa sura nyingine. Aliyeonekana muuaji katika sehemu moja anakuwa mhanga katika nyingine.

Kuna tukio moja katika Onikakushi ambalo kila msomaji analikumbuka. Keiichi, mvulana aliyehamia kijijini karibuni, amezungumza kwa siri na polisi. Rena, msichana mpole anayetembea naye kwenda shuleni kila asubuhi, anamuuliza alikuwa na nani, na kama kuna jambo anawaficha. Keiichi anasema hakuna. Unabofya. Uso wa Rena unabadilishwa na uso mwingine, macho yamekodoka, na anampigia ukelele wa neno moja. Hakuna kinachosogea. Rena ni mchoro uliosimama palepale, mikono yake mibaya iko vilevile. Lakini hadithi haitaendelea mpaka ubofye, na hutaki kubofya. Filamu ingekuvusha hapo kwa lazima. Hapa unasimama mbele yake muda wote ambao ujasiri wako unahitaji.

Asiyetaka kuambiwa yajayo aruke aya hii. Msomaji anapofika sehemu ya sita, Tsumihoroboshi, ameshaona Juni ile ikiharibika mara nyingi, na ameshajua kwamba hofu ya Keiichi katika sehemu ya kwanza ilimdanganya. Hapo Keiichi, akiwa katika maisha mengine kabisa, anaanza kukumbuka. Kitu alichokitenda katika sehemu ya kwanza, ambacho kwa kanuni zote za hadithi hakimhusu tena, kinamrudia naye analia kwa majuto. Kwa miaka ile ya kusubiri diski baada ya diski, msomaji ndiye aliyekuwa mwenye kumbukumbu peke yake, na ghafla mhusika anaifikia. Ryukishi07 aliweza jambo hilo bila kumpa mtu chaguo lolote. Angeniachia nichague, ningedhani nimelisababisha mimi. Kwa kuwa sikuchagua kitu, nilichobaki nacho ni kushuhudia.

Ndiyo maana nasema chaguo limesifiwa kupita kiasi. Fate/stay night ya Kinoko Nasu, ya Januari 2004, ina makumi ya miisho mibaya, lakini uzito wake uko katika njia zake tatu ambazo lazima zisomwe kwa mpangilio. Kijana yuleyule, Shirō Emiya, anaanza na ndoto ileile ya kumwokoa kila mtu. Njia ya kwanza inaiheshimu ndoto hiyo, ya pili inaishambulia, ya tatu inamtaka aitupe. Shirō wa njia ya tatu hajui alichosema katika ya kwanza. Wewe unajua, na kila neno lake unalipima kwa lile.

Fate hiyohiyo inanileta kwenye lalamiko la pili. Kampuni ndogo za kompyuta za miaka ya 1990 ziliishi kwa kuwauzia watu wazima, na matukio ya ngono yakapachikwa hata pale ambapo hadithi haikuyahitaji. Yale ya toleo la kwanza la Fate yameandikwa vibaya na yanakata pumzi ya kisa. Toleo la PlayStation 2 la mwaka 2007 liliyaondoa, na sioni kilichopotea. Clannad ilitoka bila hayo tangu siku ya kwanza na haikupungukiwa kitu. Aliyewahi kujaribu kumweleza dada yake au mzazi wake kwa nini anapenda fani hii anajua jinsi soko lile lilivyotuchafulia jina. Wanawake nao hawakungoja waalikwe: Koei ilitoa Angelique mwaka 1994, iliyobuniwa na timu ya wanawake kwa ajili ya wasichana, na tawi hilo bado linastawi.

Urefu ni lalamiko la tatu. Katika Higurashi saa za michezo ya watoto zina kazi, kwa sababu bila kuupenda urafiki wao hutaumia ukivunjika. Katika kazi dhaifu, saa hizohizo ni chakula cha mchana juu ya chakula cha mchana. Mwandishi ambaye habanwi na idadi ya kurasa hujisahau, na wengi wangehitaji mhariri mkali.

Kwa msomaji wa Kiswahili mlango wa kuingilia ni tafsiri za Kiingereza, na nyingi za awali zilifanywa na mashabiki bila malipo. Fate ilitafsiriwa na kikundi cha Mirror Moon mwaka 2008. Tafsiri rasmi ilikuja Agosti 2024, miaka 20 baada ya kutoka kwa kazi yenyewe. Clannad ilifika rasmi mwaka 2015. Na kwa anayetaka kuandika, tangu mwaka 2004 ipo Ren'Py ya Tom Rothamel, programu ya bure ambayo hadithi yake inaandikwa katika faili la maandishi ya kawaida. Kiswahili kinaingia humo bila marekebisho yoyote. Doki Doki Literature Club, ya Wamarekani mwaka 2017, ilitengenezwa kwa programu hiyohiyo. Hakuna kinachomzuia mtunzi wa Tanga au Lamu ila kazi yenyewe.

Anayetaka kusoma aanze na Narcissu ya mwaka 2005, ya Tomo Kataoka. Ni fupi, ilitolewa bure, na inahusu wagonjwa wawili wasio na tumaini la kupona wanaotoroka hospitali kwa gari wakielekea kisiwa cha Awaji. Picha ni utepe mwembamba tu katikati ya weusi, na hakuna uamuzi wa kufanya. Akiona kwamba anaweza kukaa na utulivu ule, afungue Onikakushi, avae vipokea sauti masikioni, maana vyenje wa jioni wanaolia humo wana kazi yao. Akiimaliza atakuwa na maswali na hasira. Asikimbilie intaneti kutafuta maelezo. Afungue sehemu ya pili, Watanagashi, hasira ikiwa bado mbichi, awaangalie watoto walewale wakiketi kucheza karata.